Kusomwa Mara ya Pili

Redio ya ofisini, iliyofungwa kwa raba,
inasema mswada umesomwa mara ya pili.
Mimi nimeshika bomba la dizeli, hapa barabara ya Lamu,
macho kwenye lita, sikio nimeliacha ndani.

Wanataka kibao cha mbele kiondolewe.
Cha nyuma kinatosha, asema mheshimiwa mmoja,
mtu aliyebanwa na bei ya unga
alinunulieje gari lake jina mara mbili?
Mwingine akasimama: na kamera, je? Na wezi?
Spika akagonga meza. Likaja tangazo la sabuni.

Bwana Fumo, mwenye teksi ya uwanja wa ndege,
alicheka akipokea chenji:
"Dama, wewe huna hata baiskeli.
Mswada huu wakuhusu nini?"

Nikasema vumbi limenikaba koo.

Ndugu yangu Ngowa yuko gerezani, bara, mwaka wa tatu,
na kazi aliyopewa ni kupiga vibao.
Bati laingia bapa, latoka herufi zimevimba
kama ngozi iliyopitiwa na siafu.
Ndivyo alivyoandika, barua moja tu,
halafu kimya.

Basi mimi husoma magari.
Lori la chumvi kutoka Gongoni, Probox ya mirungi,
gari la bwana harusi lililovikwa asmini,
kila moja hunijia limebeba kifuani
kipande cha bati ambacho pengine yeye alikishika.
Nikiona K iliyolegea mguu, nasema, hii yake,
maana kiwiko chake cha kulia hakikuunga sawasawa
tangu aanguke mnazini kule Kakuyuni.
Najua ni mashine.
Usiniambie ni mashine.

Na kichekesho, ambacho mama hataki nikicheke,
ni kwamba kilichomfunga ni kibao hicho hicho.
Pikapu haikuwa yake. Alibadili cha mbele usiku,
nyuma ya gereji ya Maweni, kwa tochi ya simu,
mbwa wakabweka, akakimbia na cha nyuma hajakigusa.
Asubuhi, daraja la Sabaki, askari akasoma mbele,
akazunguka polepole, akasoma nyuma,
akarudi dirishani na tabasamu:
"Kijana, gari lako lina baba wawili."

Kingekuwa kimoja tu,
pengine angekimaliza kabla mbwa hawajaamka.
Aliyefungwa kwa kibao cha uongo
sasa anapiga vya kweli, nchi nzima inavivaa.

Kwa hiyo sijui niombe nini.
Upite, asife moyo kijana mwingine mjinga?
Uanguke, niendelee kusoma?
Uso umeumbwa na haya, twaambiwa tangu utotoni.
Wakiufuta uso huu, magari yatanijia kimya,
yatakunywa, yatalipa,
na yatakaposema jina lake
yatakuwa yameshanipa mgongo.

Jana jioni redio ikasema: umepelekwa kwenye kamati.
Meneja akasema kamati ni kaburi lenye viti.
Sikumjibu. Ilikuwa imeingia Land Cruiser ya watalii,
matope ya Garsen hadi kwenye taa.
Nikafuta kioo, nikashuka na kitambaa
nikafuta kibao, herufi kwa herufi.
Dereva akadhani nataka bakshishi, akanipa hamsini.
Nilipokea. Mimi si malaika.

Leo alfajiri limekuja jingine, halina cha mbele.
Mashimo yamekula skrubu, asema mwenyewe,
na ati sheria mpya ikija hata hana haja ya kukitafuta.
Nikamwekea mafuta ya elfu mbili.
Kisha, bomba likiwa bado linadondoka mkononi,
nikazunguka nyuma,
nikainama.